Mkono Ulioshika Ncha ya Kamba

Mtu akisimama asubuhi katika pwani ya Mbezi, yaani Mbezi hii ya baharini iliyo baina ya Kawe na Kunduchi, wala si ile ya upande wa Kimara, ataona jambo dogo ambalo wengi hulipita pasipo kulitazama. Mvuvi afika na ngalawa yake, atupa nanga, alegeza kamba, kisha aishika kwa vidole na kutulia kidogo. Nanga haioni, maana i chini ya maji. Walakini ajua kama imeshika au kama yaburura. Na akitaka kuing'oa, haivuti kwa pupa. Hungoja wimbi lipite, ndipo avute. Mkononi mwake ana ncha moja tu. Kamba iliyobaki i mbali naye, yachezwa na mkondo, nayo yapinda itakavyo.

Nataka leo kuwaeleza habari ya mkono ule, jinsi wanadamu walivyojifunza kuongoza kitu kirefu chenye kupindapinda kwa kushika ncha yake tu. Habari hii yaonekana kuwa ya watu wa hesabu peke yao, lakini sivyo. Kwa kamba iliyolazwa chini ya bahari, ruhusa ya kupiga mizinga iliingia Unguja mwaka 1896. Na kwa kamba zilizoharibika baharini mwaka 1924 ukiongeza miaka 100, yaani mwaka 2024, watu wa Dar es Salaam waliona kazi zao zikisimama. Basi yafaa tuijue.

Kwanza tuulize, kwa nini kamba ni ngumu kuongoza kuliko jiwe? Jiwe dogo likirushwa, mwenye kutaka kujua lilipo ahitaji hesabu tatu tu: limekwenda umbali gani upande wa mashariki au magharibi, umbali gani upande wa kaskazini au kusini, na liko juu kiasi gani. Ngalawa yahitaji hesabu sita, kwa sababu licha ya kuwapo mahali fulani, omo yake huelekea upande fulani, nayo huinuka omo na tezi, tena hulala ubavu. Mnyororo wenye pete 100 wahitaji hesabu nyingi zaidi, kwa maana kila pete yaweza kugeuka kwa namna yake. Na kamba je? Kamba haina pete. Ukiigawa mara mbili kwa mawazo, kisha kila nusu ukaigawa tena, hutafika mahali pa kusema, "Hapa haipindiki." Kwa hiyo hesabu zinazotakiwa kuieleza hazina mwisho. Ndiyo sababu wenye elimu hiyo husema kwamba jiwe huenda katika nafasi ya pande tatu, bali kamba huenda katika nafasi ya pande zisizo na idadi. Neno hili lisiwatishe. Maana yake ni kwamba kamba ina njia nyingi za kukataa kutii kupita tunavyoweza kuhesabu, na mkono unaoitawala ni mmoja.

Watu wa zamani walianza na swali jepesi zaidi: kamba ikining'inia imetulia, ina umbo gani? Galileo wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1638, aliulinganisha mnyororo unaoning'inia na njia ya jiwe lililorushwa, akisema kwamba vyakaribiana sana. Mwaka 1646 kijana wa Uholanzi, Christiaan Huygens, mwenye umri wa miaka 17, alithibitisha kwamba havilingani kamwe. Lakini umbo la kweli hakulipata wakati ule. Mwaka 1690 Jakob Bernoulli, mwalimu wa hesabu katika mji wa Basel, alilitoa swali lile mbele ya wataalamu wote wa Ulaya. Mwaka 1691 majibu matatu ya kweli yalikuja: moja la Leibniz wa Ujerumani, moja la Johann Bernoulli, ndugu yake mdogo Jakob, na la tatu la Huygens yule yule, sasa mzee wa miaka 62. Miaka 45 ilikuwa imepita tangu alipojua kwamba jibu la watu si kweli.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: kamba ikitikiswa, yaendaje? Mwaka 1747 Jean d'Alembert wa Ufaransa alionyesha kwamba mtikiso katika uzi uliokazwa ni mawimbi mawili, moja laenda na jingine larudi, na mwendo wa mawimbi hayo hutegemea mambo mawili tu, yaani uzi umekazwa kiasi gani na una uzito gani. Ukikaza zaidi, wimbi huenda mbio zaidi. Uzi ukiwa mzito, wimbi huenda polepole. Mwaka 1753 Daniel Bernoulli, mwana wa Johann, akaongeza neno ambalo kila mpiga zeze angalilikubali. Alisema kwamba mtikiso wowote wa uzi ni mchanganyiko wa mitikiso iliyo sahili: wa kwanza uzi hufanya tumbo moja, wa pili hufanya matumbo mawili, wa tatu matumatu, na kuendelea pasipo mwisho, na kila mtikiso una sauti yake. Wenzake walimbishia sana. Ilipofika mwaka 1822, Joseph Fourier alipopiga chapa kitabu chake juu ya joto, ndipo wengi walipoanza kuona kwamba Daniel alishika njia iliyo njema. Basi zile pande zisizo na idadi zikapata majina na mpango: tumbo moja, matumbo mawili, matumbo matatu, hata milele.

Haya yote yalikuwa kazi ya kalamu na karatasi. Mwaka 1857 yakawa kazi ya mali nyingi na ya maisha ya watu. Kampuni moja ilitaka kulaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Ireland mpaka Newfoundland, upande wa Amerika. Wasomaji wakumbuke kwamba neno simu hapo zamani lilikuwa na maana ya habari zipigwazo kwa alama katika waya, kabla ya simu za kusemea. Waya ule ulishushwa kutoka tezi ya meli. Ncha moja ilikuwa imekwisha kufungwa pwani. Ncha nyingine i juu ya meli, yapita katika magurudumu yenye breki. Na katikati ni urefu mkubwa wa waya unaozama gizani. Fundi wa breki alikuwa katika hali ile ile ya mvuvi wetu wa Mbezi, ila kamba yake ilishuka zaidi ya pima 2,000.

Tarehe 11 Agosti 1857 meli ya Marekani iitwayo Niagara ilikuwa ikiendelea na kazi hiyo. Wimbi likainua tezi, mvuto wa waya ukazidi, na breki haikulegezwa kwa wakati. Waya ukakatika, ukapotea chini. Kazi ya mwaka mzima iliharibika kwa sababu mkono ulishika kwa nguvu pale ulipopasa kulegea.

Katika watu waliokuwamo katika shughuli ile alikuwapo William Thomson, mzaliwa wa Belfast, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Yeye alifanya hesabu ya waya unaozama. Watu walidhani kwamba waya ndani ya maji hufanya upinde kama ule wa mnyororo unaoning'inia. Thomson alionyesha kwamba meli ikienda kwa mwendo mmoja, na waya ukitolewa kwa mwendo mmoja, basi waya ndani ya maji hunyooka kama fimbo iliyoinama, toka tezi ya meli mpaka chini. Alionyesha tena kwamba mvuto wa juu, pale kwenye breki, hukaribia uzito wa kipande cha waya, ukipimwa ndani ya maji, chenye urefu sawa na kina cha bahari mahali pale. Basi mwenye kujua kina na uzito wa waya ajua pia breki ishike kiasi gani. Giza la chini likapata hesabu.

Mwaka uliofuata walitumia breki ya namna nyingine, yenye kujilegeza yenyewe mvuto unapozidi kipimo. Tarehe 5 Agosti 1858 waya ulifika ng'ambo. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Na baada ya majuma matatu hivi waya ukafa. Mwaka 1865 meli kubwa Great Eastern ilijaribu tena, na waya ukakatika katikati ya bahari. Mwaka 1866 meli ile ile ilifaulu, ikafika Newfoundland tarehe 27 Julai. Kisha ikarudi baharini, ikashusha kulabu kwa kamba ndefu, ikaupapasa waya uliopotea mwaka uliotangulia. Baada ya kushindwa mara nyingi wakaukamata, wakaupandisha taratibu, wakauunga, wakaumaliza. Hebu fikirini: kukamata kamba kwa kamba, katika kina cha maili mbili, pasipo kuona.

Sasa tuje pwani yetu. Mwezi wa Januari 1879, siku ya 22, jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu mahali paitwapo Isandlwana. Habari hiyo ilifika London tarehe 11 Februari, maana hapakuwa na waya mpaka Afrika ya Kusini, na habari ilibidi kusafiri kwa meli sehemu ya njia. Wakubwa wa London wakaona kwamba hawawezi kutawala mbali hivyo kwa barua. Mwaka ule ule wa 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph Company ililaza waya kutoka Aden mpaka Unguja, kutoka Unguja mpaka Msumbiji, na kuendelea mpaka Durban. Sultani wa Unguja wakati huo alikuwa Seyyid Barghash, na Askofu wa misheni ya Unguja alikuwa Edward Steere. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam, na mwingine Unguja na Mombasa. Nyumba ya kampuni ile ya simu ingalipo Shangani hata leo, nayo imegeuzwa kuwa hoteli.

Watu wa pwani waliona nini kwa waya ule? Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme pasipo idhini ya Waingereza. Balozi wao, Basil Cave, alipiga simu kwenda London kuuliza kama ana ruhusa ya kutumia manowari. Jibu likaja siku ya pili, tarehe 26. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, mizinga ikaanza kulia, na kabla ya saa moja kutimia vita vilikwisha. Upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akaletwa Dar es Salaam, akakaa hapa mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916.

Sisemi kwamba waya ulifanya vita. Mizinga ilikuwapo, na nia ya watu ilikuwapo. Lakini kabla ya 1879 swali la balozi lisingalijibiwa kwa siku moja. Na katika majuma ya kungoja pengine wazee wa mji wangalizungumza. Waya ule ulipita mbele ya pwani yetu, walakini ncha zake zote mbili zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Hilo ndilo jambo la kukumbuka.

Nirudi kwa hesabu, maana swali kubwa lilikuwa bado. Kama kamba ina njia zisizo na idadi za kutikisika, je, mkono mmoja kwenye ncha moja waweza kweli kuzituliza zote? Au daima patakuwa na mtikiso mmoja uliojificha usiotii? Jibu lilipatikana karne ya 20. David Russell wa Marekani alilifanyia kazi katika miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 1988 Jacques-Louis Lions wa Ufaransa alipiga chapa njia moja pana ya kulijibu swali hili, kwa nyuzi na kwa vitu vingi vingine vyenye kutikisika. Jibu ni hili: mkono mmoja waweza, lakini sharti upewe muda. Muda huo ni ule wa wimbi kutoka kwenye mkono, kufika mwisho wa kamba, na kurudi. Ukipewa muda huo, mtikiso wo wote waweza kutulizwa. Ukinyimwa, haiwezekani, hata mkono uwe na nguvu na akili namna gani, maana ipo sehemu ya kamba ambayo habari zake hazijafika.

Walimu na wazazi waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kamba iliyofungwa kwenye mnazi. Tuseme kamba ina urefu wa mita 10 na uzito wa kilo 1, nawe waivuta kwa nguvu kama ya kuinua kilo 4. Wimbi litakwenda mita 20 hivi kwa sekunde. Basi lafika kwenye mnazi kwa nusu sekunde, na larudi kwa nusu sekunde. Kwa hiyo mkono wahitaji sekunde 1.

Na mkono ufanye nini katika sekunde hiyo? Ukiushika imara usitikisike, wimbi litapiga mkononi na kurudi kamba nzima, likiwa limepinduka. Ukiiachia ncha ilegee kabisa, wimbi litarudi vile vile, ila halikupinduka. Bali ukiufanya mkono uende pamoja na wimbi kwa kipimo chake, kana kwamba kamba ingali yaendelea nyuma yako, wimbi litaingia mkononi na kwisha, na kamba itatulia. Mvuvi wetu, angojaye wimbi lipite kabla ya kuvuta, yu karibu na elimu hii kuliko anavyodhani. Na breki ya mwaka 1858 ilikuwa na hekima ya jinsi hiyo: kushika, lakini kwa kipimo.

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa mawasiliano uitwao SEACOM ulianza kazi, nao ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule uitwao EASSy. Mikongo hii haichukui alama za umeme kama waya wa 1879. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita kwa nuru. Kwenye kina kikubwa mkongo mzima hauzidi sana unene wa kidole gumba. Lakini kazi ya kuulaza ni ile ile ya Thomson. Meli huenda kwa kipimo, mkongo hutolewa kwa kipimo, kidogo zaidi ya mwendo wa meli, ili ulale juu ya mabonde na vilima vya chini bila kuning'inia. Siku hizi mashine hufanya hesabu hizo saa kwa saa.

Hata hivyo kamba ni kamba. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili iliharibika baharini upande wa Afrika ya Kusini, na kwa siku kadhaa intaneti ya Tanzania ikawa dhaifu sana. Hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa watu kwa siku mbili. Hapa kwetu Mbezi, kama kwingineko mjini, mtu aliyezoea kutuma karatasi zake kwa dakika moja alikaa akingoja. Duniani kote mikongo ya baharini hupata madhara kama mara 150 hadi 200 kwa mwaka, na mengi katika hayo hutokana na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Yaani kamba huharibiwa na kamba.

Basi, wasomaji, habari hii yatufundisha nini? Katika mwaka 1896 watu wa pwani hawakuwa na mkono kwenye ncha yo yote. Leo hali si ile. Chuo Kikuu kiko pale Mlimani, si mbali na Mbezi, na hesabu za d'Alembert na za Bernoulli hufundishwa kwa vijana wetu. Lakini nawajua wazazi wengi wamwambiao mtoto, "Hesabu hizi zitakusaidia nini?", na nawajua walimu wenzangu wamwonyeshao mtoto sura ya wimbi ubaoni wala wasimpe kamba mkononi. Mtoto akiambiwa hivyo atabaki mtumiaji wa mkongo, na ncha itashikwa na mwingine, kama ilivyokuwa zamani.

Tena sisi tuleao watoto tunafanana na yule fundi wa breki. Mtoto naye ana mambo yasiyo na idadi ndani yake, na sisi twashika ncha moja tu. Tukikaza daima, atakatika. Tukiachia kabisa, mtikiso wake utaturudia. Yatupasa kushika kwa kipimo, na kungoja muda wa neno letu kwenda mpaka mwisho na kurudi. Bwana wetu alipochagua wanafunzi wa kwanza aliwaita wavuvi, watu waliozoea kushika kamba na kungoja. Nadhani hawakuwa wageni wa uvumilivu.